Kitambulisho Huonyeshwa, Hakinyang'anywi

Wazee wetu walisema kwamba mgeni ni kuku mweupe. Maana yake ni kwamba mtu aliye ugenini huonekana upesi hata akijificha, na kila jicho linalomtazama humwuliza: wewe ni nani, watoka wapi, na umekuja kufanya nini? Nyumbani maswali hayo hayaulizwi, kwa kuwa majibu yake yanajulikana. Jirani anaujua uso wako, mzee wa kijiji anamjua baba yako, na mwenye duka anajua hata deni lako. Ukivuka mpaka wa nchi mashahidi hao wote hubaki nyuma, na shahidi anayekwenda pamoja nawe ni mmoja tu: ile karatasi au kadi iliyomo mfukoni mwako.

Makala haya yanawahusu hasa ndugu zetu wa jeshi na polisi, kwa sababu wao husimama katika pande mbili za jambo hili. Leo askari ni msafiri, naye hutakiwa kuonyesha hati yake kwa watu wasiomjua. Kesho amesimama kizuizini, na wasafiri wasiomjua wanamwonyesha hati zao. Kanuni inayozifaa pande hizo mbili ni moja, nayo ni fupi: kitambulisho huonyeshwa, hakinyang'anywi. Mwenye nacho asikatae kukionyesha, na anayekionyeshwa asikatae kukirudisha.

Koplo aliyefika Busia

Tumfikirie koplo mmoja. Hatutampa jina, kwa maana huenda yumo katika kila kambi. Amepata likizo ya siku 10. Dada yake aliyeolewa Kisumu amefiwa na mumewe, naye anataka kuwahi maziko. Anapanda basi la usiku kutoka Kampala, na alfajiri anafika Busia. Abiria wanashuka na kupanga foleni, kila mmoja na hati yake mkononi. Koplo anapofikiwa na zamu anatoa kitambulisho cha jeshi na kukiweka mezani kwa fahari. Afisa wa uhamiaji anakisoma, anamrudishia, na kumwambia kwa adabu: "Ndugu yangu, hiki chaonyesha kazi yako. Mimi nahitaji hati ya raia anayesafiri." Na kitambulisho cha taifa, masikini, koplo amekiacha sandukuni kambini.

Sasa ana njia mbili. Ya kwanza ni kurudi alikotoka na kuyakosa maziko. Ya pili inanong'onwa na kijana mmoja wa mtaani, asemaye kwamba zipo njia za panya, na kwamba kwa shilingi chache mtu huvuka bila kuulizwa lolote. Tumwache koplo wetu hapo kwa muda, akiwa amesimama kando ya barabara na mzigo wake. Tutamrudia.

Hati ipi, kwa nchi ipi

Yaliyompata koplo hayakutokana na ukali wa sheria, bali na kutojua. Kwa kweli njia za eneo letu zimelegezwa sana. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na ndani yake raia wa nchi wanachama wamepewa haki ya kwenda katika nchi nyingine za Jumuiya. Lakini itifaki hiyo hiyo inataka msafiri awe na hati halali ya kusafiria, na inaziruhusu nchi zilizoafikiana kukubali vitambulisho vya taifa kwa ajili hiyo. Uganda, Kenya na Rwanda ziliafikiana hivyo, na kuanzia Januari 2014 raia wa nchi hizo tatu wakaweza kuvuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa bila pasi.

Basi mtu asidhani kwamba kilichokubaliwa na nchi tatu kimekubaliwa na nchi zote. Jumuiya sasa ina wanachama wanane: Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Somalia. Anayekwenda Mutukula ili aingie Tanzania asitegemee kitambulisho cha taifa kwa kuwa kilimtosha Busia. Achukue pasi, au aulize ofisi ya uhamiaji ni hati gani ya muda inayokubaliwa. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuulizwa mpakani ukakosa jibu.

Jambo la pili ni tarehe. Hati iliyokwisha muda ni kama risasi iliyokwisha kulipuka: umbo lake lipo, nguvu haina. Vitambulisho vya taifa vilivyoanza kutolewa Uganda mwaka 2014 viliandikiwa muda wa miaka 10, na wengi waliovipokea wakiwa vijana wa kuruta walishangaa kuona miaka hiyo imekwisha. Kwa upande wa pasi, nchi nyingi za nje hudai kwamba iwe na angalau miezi sita ya uhai kuanzia siku unapoingia. Basi pasi ambayo kwa macho yako bado ni nzima, kwa macho ya afisa wa huko huenda imekwisha kufa.

Na jambo la tatu ndilo lililomkwaza koplo wetu. Kitambulisho cha jeshi au cha polisi huthibitisha kwamba mwenye nacho ni mtumishi wa dola fulani, lakini ng'ambo ya mpaka dola hiyo haina amri. Afisa wa nchi jirani akikiona peke yake, swali linalomjia ni hili: huyu ni askari wa nchi nyingine, je, ametumwa na nani? Kwa hiyo askari aendaye likizo nje ya nchi asafiri kama raia kamili: awe na ruhusa ya maandishi kutoka kwa mkuu wake, avae nguo za kiraia, ashike hati ya raia, na sare na silaha azikabidhi kambini kabla hajaondoka.

Askari aliye kazini ng'ambo

Mambo hubadilika askari anapotumwa na nchi yake. Mwezi wa Machi 2007 wanajeshi wa Uganda walitua Mogadishu, wakiwa wa kwanza katika kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, na tangu hapo maelfu ya vijana wetu wamepita katika njia hiyo. Askari wa namna hiyo haendi kwa kugongewa muhuri wa pasi kama mtalii. Umoja wa Mataifa ulitoa mwaka 1990 mfano wa mapatano kati yake na nchi zinazopokea walinda amani. Kwa mfano huo, mlinda amani huingia na kutoka kwa amri ya safari, iwe yake peke yake au ya kikosi kizima, pamoja na kitambulisho chake binafsi. Anapoingia mara ya kwanza, kitambulisho alichopewa na nchi yake hukubaliwa. Baadaye hupewa kile cha kikosi.

Ndani ya mfano huo imo sentensi moja ambayo kila askari angeifahamu kwa moyo. Inasema kwamba watu wa kikosi watatakiwa kuonyesha vitambulisho vyao afisa wa serikali anayehusika anapovidai, lakini hawatatakiwa kuvitoa vikachukuliwa. Hiyo ndiyo kanuni yetu.

Kanuni hiyo haikuzuliwa mwaka 1990. Mkataba wa Tatu wa Geneva, uliotiwa saini tarehe 12 Agosti 1949, unahusu mateka wa vita. Ibara yake ya 17 inailazimisha kila nchi kumpa kadi ya utambulisho kila mtu wake anayeweza kutekwa: kadi yenye majina yake, cheo, namba ya jeshi na tarehe ya kuzaliwa. Hata ukubwa wake umetajwa, sentimita 6.5 kwa 10 kadiri iwezekanavyo, na itolewe nakala mbili. Mateka akiulizwa, hayo manne ndiyo anayopaswa kuyasema, na halazimiki kuongeza neno. Na kadi yake, mkataba unasema, ataionyesha anapotakiwa, lakini haitachukuliwa kwake kwa hali yoyote. Ibara ya 18 inaendelea kwamba mateka asikae wakati wowote bila hati ya utambulisho. Na asiyekuwa nayo, waliomteka ndio watakaompa.

Na tulifikirie jambo hilo vizuri. Adui aliyemshinda mwenzake vitani anaruhusiwa kumpokonya bunduki, lakini haruhusiwi kumpokonya jina. Kwa nini? Kwa sababu mtu asiye na jina anaweza kufanywa lolote, na hakuna atakayeulizwa. Aliyeandikwa huulizwa habari zake, na mwenye kumshika huogopa kuulizwa.

Kadhalika kile kibati cha shingoni ambacho baadhi ya vijana hukivua kwa kuona kinawasumbua. Mkataba wa Kwanza wa Geneva, wa tarehe hiyo hiyo, unaeleza kwamba askari akifa, nusu ya kibati chenye sehemu mbili ibaki mwilini, au kibati chote kikiwa ni cha sehemu moja. Nusu ile nyingine ndiyo inayopeleka habari nyumbani. Askari anayekivua huwaachia mama na mke wake kungoja kusiko na mwisho, na hakuna msiba mzito kuliko ule usiokuwa na kaburi.

Neno kipande na uchungu wake

Sasa tugeuke upande wa pili, upande wa anayedai kuonyeshwa. Katika Afrika Mashariki yapo masikio ambayo hayasikii neno kipande bila uchungu. Nchini Kenya sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa miaka michache baadaye, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi kubeba hati yenye alama za vidole vyake na maandishi ya mwajiri wake. Hati hiyo iliwekwa ndani ya kikebe cha chuma, na wengi walikining'iniza shingoni. Mwajiri asipotia saini kwamba amemwachilia mtu huyo, hakuweza kupata kazi pengine. Na aliyekutwa njiani bila kipande alitozwa faini au kufungwa.

Harry Thuku alipousimamisha umma kudai haki zao, kipande kilikuwa miongoni mwa mambo aliyoyapinga. Alikamatwa Machi 1922, na tarehe 16 ya mwezi huo watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi, wasiopungua 21 wakafa. Mwaka 1947 utaratibu wa kipande ulibadilishwa, lakini neno limebaki vinywani hata leo, na pamoja nalo imebaki hofu ya mnyonge anapoambiwa, "Toa kipande!"

Polisi wa leo hana budi kuijua historia hii, ili ajue tofauti. Kipande cha mkoloni kilimlinda mwajiri dhidi ya mfanyakazi. Hati ya leo humlinda mwenye nayo. Lakini mara tu askari anapoichukua hati ya msafiri na kuitia mfukoni mwake, akimwambia "njoo kesho", ameirudisha ile ya zamani, kwa kuwa msafiri huyo hawezi tena kwenda mbele wala kurudi nyuma. Kizuizi kinachofuata atakamatwa kwa kukosa kile ambacho askari wa kwanza amekishika.

Hatusemi kwamba hati haiwezi kuzuiliwa kabisa. Iliyoghushiwa huzuiliwa, iliyoripotiwa kuibwa huzuiliwa, na mahakama huweza kuamuru mshitakiwa aiweke pasi yake mahakamani. Lakini hayo yote hufanyika kwa sheria na kwa maandishi, na aliyezuiliwa hati yake apewe stakabadhi yenye tarehe na jina la afisa. Pasi ni mali ya serikali iliyoitoa. Anayeishika bila haki, awe askari, mwenye nyumba ya kulala wageni, au tajiri wa ng'ambo anayeifungia kabatini pasi ya mlinzi wake, anashikilia mali ya dola nyingine. Jambo hili liwafikie hasa wale askari wastaafu wanaokwenda Mashariki ya Kati kwa kazi za ulinzi.

Mgeni akikamatwa

Upo pia wajibu ambao polisi wengi huusahau. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli unasema, katika ibara ya 36, kwamba mgeni akikamatwa ni lazima aambiwe bila kuchelewa kwamba ana haki ya ubalozi wake kuarifiwa. Akitaka uarifiwe, basi uarifiwe.

Nchi moja jirani yetu ililipia kosa hilo. Ahmadou Sadio Diallo, mfanyabiashara raia wa Guinea, alikuwa ameishi Kongo miaka 32. Alikamatwa Novemba 1995, na tarehe 31 Januari 1996 akafukuzwa nchini, huku hati ya kumwondoa ikidai kwamba alikuwa mkaaji asiye halali. Guinea ilipeleka shauri katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague. Serikali ya Kongo ilijitetea kwamba Diallo aliambiwa kwa mdomo kuhusu haki yake, lakini haikuweza kutoa ushahidi. Hukumu ya tarehe 30 Novemba 2010 ilisema kwamba haki zake zilivunjwa, na mwaka 2012 Kongo ikaamriwa kulipa dola za Marekani 95,000. Askari aliyemkamata Diallo huenda hakuwaza hata siku moja kwamba daftari lake la kituo lingetafutwa The Hague. Basi mgeni akiletwa kituoni, mwambie haki yake, na andika kwamba umemwambia.

Kutazama si kuona

Adabu tuliyoisifu isichukuliwe kuwa ni ulegevu. Tarehe 8 Machi 2014 ndege ya Malaysia iliyokuwa ikitoka Kuala Lumpur kwenda Beijing ilitoweka na watu 239. Walipohesabiwa abiria, ikaonekana kwamba wawili walisafiri kwa pasi zilizoibwa, moja ya Austria na moja ya Italia. Pasi zote mbili zilikuwa zimekwisha kuandikwa katika daftari la kimataifa la polisi, Interpol, la hati zilizopotea na kuibwa, daftari lililoanzishwa mwaka 2002. Habari ilikuwepo, hakuna aliyeitazama. Wachunguzi waliona baadaye kwamba vijana hao hawakuwa wahalifu wa mabomu, bali watu waliotafuta maisha Ulaya. Lakini mlango waliopitia wao ungeweza kupitiwa na mwingine.

Na mwingine wa namna hiyo tunamfahamu hapa kwetu. Usiku mmoja wa Juni 2011 gari lililopotea njia lilikaribia kizuizi cha askari wa Serikali ya Somalia jijini Mogadishu. Risasi zikalia, na waliokuwemo wakauawa. Mmoja wao alikuwa na pasi ya Afrika Kusini na dola za Marekani 40,000 taslimu. Waliompiga hawakumjua. Uchunguzi ndio uliobainisha kwamba jina lililokuwa katika pasi lilikuwa la uongo, na kwamba mtu huyo alikuwa Fazul Abdullah Mohammed, aliyesakwa kwa milipuko ya balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam ya tarehe 7 Agosti 1998, iliyoua watu 224. Kwa karibu miaka 13 alikuwa akijificha nyuma ya majina yasiyo yake.

Funzo ni kwamba anayekagua hana budi kulinganisha karatasi na mtu. Tazama uso, umri na kimo. Uliza swali dogo ambalo jibu lake limo katika hati. Chini ya ukurasa wenye picha, pasi ya kimataifa ina mistari miwili ya herufi na tarakimu, kila mmoja nafasi 44, inayorudia namba ya pasi, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho. Mistari hiyo ikipingana na maandishi ya juu yake, pana jambo. Yote haya huweza kufanywa kwa dakika mbili, kwa sauti ya upole, na hati ikarudi mkononi mwa mwenyewe.

Mambo ya kushika

Kwa askari msafiri, machache yafuatayo yatamfaa. Kwanza, hati na nakala yake zisikae mahali pamoja, kwani mwizi akichukua mkoba huchukua vyote. Pili, nakala nyingine iachwe nyumbani kwa mtu mwaminifu. Tatu, hati isiwekwe rehani kwa deni la chakula, pombe wala malazi. Nne, ikipotea, ripoti polisi wa mahali hapo upate maandishi, kisha nenda ubalozini, kwa kuwa kutoa hati za safari kwa raia ni kazi mojawapo ya ubalozi. Tano, ukiisha kuripoti kwamba pasi imepotea kisha ukaiona, usisafiri nayo tena. Kwa mitambo ya mipakani hiyo ni pasi iliyoibwa, na wewe utakuwa mwizi wa jina lako mwenyewe.

Sasa turudi Busia kwa koplo wetu. Akimfuata yule kijana wa njia za panya, atafika upande wa pili akiwa askari wa nchi nyingine aliyeingia bila muhuri, na doria ya kwanza itakayomkuta haitaona shemeji aendaye mazikoni. Itaona kuku mweupe. Labda ataeleza habari ya msiba, naye ni mkweli, lakini ukweli usio na shahidi huko ugenini ni hadithi tu. Dada yake atalia peke yake, na mkuu wake kambini ataulizwa kwa simu kama anamjua mtu huyu.

Laiti angefungua sanduku lake kabla ya kuondoka. Angekiweka kitambulisho cha taifa mezani, afisa angekitazama, angeulizwa aendako, angejibu, na kingerudi mkononi mwake. Dakika chache tu, na jua la asubuhi lingemkuta njiani kuelekea Kisumu.